Mlevi wa Babeli

Fundi Brashi alikuwa ameandika mabango ya mji mzima kwa miaka kumi na tisa, na hakuna siku hata moja ambayo mtu alisimama kumpigia makofi. Nani ampigie mtu makofi kwa kuandika "Hapa tunaziba pancha"? Kwa hiyo Mchungaji alipomwita kwenye ukumbi mpya wa kanisa, akamwonyesha ukuta mtupu wa hatua ishirini na mbili na kumwambia, "Nataka unichoree miji," fundi aliupapasa ukuta kwa kiganja.

"Miji gani, Mchungaji?"

"Mikubwa. Ile iliyoigeuza dunia."

Kabla ya kuvaa kola Mchungaji alikuwa mwalimu wa historia, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Akavuta viti viwili vya plastiki, akaeleza kwa saa nzima. Watu wa kanisani, alisema, hupenda kudhani kwamba Mungu anakaa shamba, penye hewa safi na kondoo, na mjini hupita tu kama mtu aliyekuja hospitali. Lakini Maandiko yanaanzia bustanini yanaishia mjini. Pale Babeli watu walitaka kujijengea jina, wakaishia kutoelewana hata kwa salamu. Ninawi, mji wa watu wakatili, ulihubiriwa na mtu mmoja aliyekuja kwa shingo upande, na ukatubu wote. Rumi ilitandika barabara ili majeshi yapite, na barabara hizohizo zikapitisha ndara za wahubiri. Antiokia, mji wa kila kabila na kila lugha, ndiko waamini walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

"Na Aleksandria," akasema, sauti yake nyembamba ikashuka zaidi. "Tauni ilipoingia, wenye pa kukimbilia walikimbia. Wengine waliwaacha ndugu zao barabarani bado wanapumua. Wakristo wengi walibaki, wakaosha wagonjwa, wakazika maiti, wengine wakafa nao. Hapo ndipo mji ulipoanza kujiuliza, hawa ni watu gani? Kwangu huo ndio moyo wa ukuta. Uchore vizuri."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Neno "walikimbia" lilimchoma kama kibanzi kidoleni, lakini tayari alikuwa anawaza makopo mangapi ya rangi yatatosha, akaachana nalo.

Alifunga jukwaa la mbao, akapiga ukuta rangi nyeupe mara mbili, akachora mistari ya mkaa. Majengo hayakumsumbua. Shida ilikuwa nyuso. Tairi alijua kuchora, na mkate, na mkasi wa kinyozi, na jino lenye mizizi yake, lakini uso wa kubuni ulimtoka kama kiazi. Akaamua kuazima nyuso za mtaani. Kinyozi wa jirani, mwenye taya pana, akawa askari wa Rumi, na wiki nzima akanyoa wateja huku amekaza kidevu. Muuza nyanya akawa mfanyabiashara wa Antiokia. Mama Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hakungoja kuazimwa. Alikuja mwenyewe na kilemba kipya, akasimama chini ya jukwaa.

"Fundi, mimi sina neno," alisema. "Ila kama kule kwenye mji wa mbinguni umebakiwa na kinafasi..."

Fundi akamweka jirani na lango, akampunguzia kidevu kimoja.

Uso wa mlevi wa Babeli haukuazimwa, ulikuja wenyewe. Alikuwa anachora karamu kwenye ngazi za mnara, na chini ya ngazi alihitaji mtu aliyeanguka. Brashi ikaenda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, vifungo vya shati vimepishana, mkono unapapasa ardhi kutafuta pa kushika. Alimaliza, akashuka, akarudi nyuma hatua kumi kama kawaida yake, akatazama. Aliyelala pale alikuwa kaka yake.

Hao walikuwa wawili tu kwa mama yao. Baba alipofariki, kaka mtu aliacha shule akaenda sokoni kubeba mizigo, na mgongo wake ndio uliomlea mdogo wake mpaka akashika brashi. Baadaye pombe ikamchukua. Vilabuni walimwita Dumu, maana alimiminiwa na hakuonekana kujaa. Siku ya kumzika mama yao alikuja kalewa, akateleza akaangukia lundo la udongo, akavuta na shada la maua, mbele ya wakwe wa fundi na wazee wote wa kanisa. Fundi ndiye aliyemshika kwapani kumwinua. Watu walisema maskini, msiba umemzidi. Lakini moyoni fundi hakumwinua tena.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Kaka alikuwa na miaka mitatu na nusu bila kugusa glasi. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha kuzibua mifereji ya mji, aliimba kwaya kwa sauti nzito iliyotetemesha madirisha, na siku hizi watu walimwita Besi. Jina la Dumu lilikuwa limezikwa.

Rangi ilikuwa bado mbichi, na kitambaa kilikuwa begani kwa fundi. Kufuta kungechukua muda wa kumeza mate. Alijiambia hakuna atakayemtambua, kwani Besi amenenepa, na tena ni picha tu. Ukweli ni kwamba ulikuwa uso bora kuliko zote alizowahi kuchora. Na chini ya ukweli huo kulikuwa na mwingine ambao hakuutazama usoni: kuna mahali ndani yake palipofurahi.

Jioni Mchungaji alipita kukagua. Alisimama mbele ya mlevi kwa muda mrefu.

"Huyu anahubiri kuliko mimi," alisema, kisha akaondoka upesi, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Ilipofika zamu ya Aleksandria, fundi alitaka mwanamume aliyembeba mgonjwa mgongoni. Alikuwa na kioo cha pembeni cha gari bovu. Akakitundika kwenye jukwaa, akajitazama, akachora. Mkewe alipoleta chakula cha mchana alikuta kazi imekwisha.

"Huyo si wewe?"

"Nilikosa mtu wa kumtazama."

Mkewe akaweka bakuli juu ya benchi. Akamtazama mgonjwa aliyebebwa, mwanamke mnene mwenye blauzi ya njano. "Mwaka ule wa kipindupindu..." alianza, akaishia hapo. Halafu akauliza, "Na shemeji umemweka wapi?"

"Yupo," fundi akajibu, akaanza kula.

Mwaka ule wa kipindupindu hawakuwa wanauzungumza nyumbani kwao. Mtaa ulipoanza kuzika, fundi alifunga virago ili aipeleke familia ukweni. Asubuhi ya safari, fundi cherehani wa nyumba ya mbele, mzee aliyewashonea watoto sare, aligonga mlango. Mke wa mzee alikuwa hawezi kusimama. Alihitaji mtu mwenye nguvu wa kumfikisha zahanati. "Nakuja, mzee wangu," fundi alisema kupitia dirishani. Kisha akachukua begi, akashika watoto mikono, akatokea mlango wa nyuma. Walirudi baada ya miezi miwili, mke wa fundi cherehani akiwa amekwisha kuzikwa. Alikuwa mnene, na blauzi yake ya njano aliipenda sana. Fundi hakuwahi kuuliza ni nani aliyembeba.

Jumapili ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kwaya ilisimama upande wa kushoto, Besi nyuma kabisa, joho limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Alikuwa amemwambia kila mtu kazini kwamba mdogo wake ndiye aliyechora. Pazia likavutwa. Mchungaji akachukua fimbo, akaanza kuongoza macho ya watu mji mmoja hadi mwingine, na alipofika Babeli akaigusa ile sura chini ya ngazi.

"Tazameni mji usio na Mungu unavyomwacha mtu wake," akasema.

Ukimya ukaingia. Katikati yake sauti ya msichana wa miaka saba ikapaa, imejaa furaha ya aliyegundua kitu.

"Baba Mkubwa huyo! Mama, si Baba Mkubwa?"

Alikuwa binti wa fundi mwenyewe. Watoto wenzake wakacheka kwanza, kisha baadhi ya watu wazima, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Dumu," na jina likatembea benchi hadi benchi. Mke wa fundi akamvuta mtoto, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Besi alisogea mbele taratibu, watu wakampisha. Akautazama uso wake.

"Umenipatia," alisema, wala hakupaza sauti. "Ila lile shati nilishalichoma."

Mchungaji, kijasho kikimtoka, akaharakisha fimbo kwenda mbele, Ninawi, Rumi, Antiokia, na alipofika Aleksandria watu wakamwona fundi amembeba mgonjwa mgongoni. Hapo ndipo makofi yalipopigwa, makofi aliyoyangoja miaka kumi na tisa. "Fundi mwenyewe!" Mama Mwenyekiti alipiga kelele. "Jamani, fundi mwenyewe!" Besi aliitazama picha ile pia. Akatazama blauzi ya njano, akamtazama mdogo wake, akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri kama linavyokunjwa shuka la hospitali, akaliweka juu ya kiti, akatoka.

Siku tatu fundi hakula cha maana. Binti yake alimuuliza kama alikosea, akamwambia hapana, aliyekosea ni mkubwa. Nyumbani kwa kaka yake aliambiwa ameshatoka, kila aendapo ameshatoka. Kilichomtisha zaidi ni kuwaza kwamba huenda amerudi vilabuni. Alipita vilabu vitatu mchana kweupe akichungulia milangoni, na kila alipochungulia alijiona mchafu, maana pamoja na hofu alijua kwamba akimkuta humo picha yake itakuwa ya kweli, na yeye atapumua.

Hakumkuta humo. Alimkuta nyuma ya soko, ndani ya mfereji mkuu, matope yamemfika magotini, anachota uchafu kwa koleo na kuutupa ukingoni. Wenzake walipomwona fundi walisogea mbali bila kuambiwa.

"Kaka."

"Sogea, utachafuka."

Fundi hakusogea. Tope la koleo moja likamrukia suruali. "Kaka, nisamehe kwa ile picha. Ilikuja yenyewe."

"Ilikuja yenyewe, ikakaa yenyewe?" Besi aliegemea mpini. "Uliiona. Nakujua. Ukimaliza kazi huwa unarudi nyuma hatua kumi, tangu utoto. Uliiona ukaiacha."

"Niliiona."

"Haya. Sasa ile nyingine."

Fundi akainamisha kichwa.

"Ile blauzi ya njano," Besi akaendelea. "Nilimbeba mimi. Mzee aligonga kwako, halafu akaja kunigongea mimi pale kilabuni, mlevi wa mtaa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyebaki. Alikuwa mzito yule mama, Mungu amrehemu. Alinitapikia shingoni mpaka mgongoni. Nilianguka mara mbili njiani. Alifika akiwa hai. Alifia kitandani, si barabarani. Kesho yake wakatafuta watu wa kuzibua huu mfereji, nikaingia, ndio kazi niliyonayo mpaka leo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Inzi walivuma juu ya matope. Fundi alitamani mfereji ummeze.

"Lakini usije ukanichora mtakatifu," Besi alisema, akilichomeka tena koleo. "Nilikuwa nimelewa. Sikuogopa kwa kuwa sikuwa na akili ya kuogopa. Ningekuwa mzima, pengine tungekimbia wote, mimi nimekutangulia. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwepo. Sasa nenda, nina kazi."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji, na suruali yake ya matope, akaeleza yote bila kujitetea: kaburi, dirisha, mlango wa nyuma, kioo cha gari. Alitegemea kukaripiwa. Mchungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Niliujua ule uso," alisema.

"Lini?"

"Jioni ileile. Mimi ndiye niliyeongoza mazishi ya mama yenu, ningeusahauje? Nilisema nitakuambia ufute. Halafu nikafikiria jinsi watakavyonyamaza nikiugusa kwa fimbo." Akatazama sakafu. "Miaka yote nafundisha miji. Nahesabu wafalme, nahesabu barabara. Yule mtu anasimama kwenye kwaya yangu kila Jumapili, nami nikamtumia kama chaki."

Wakakaa hivyo, watu wazima wawili kama wanafunzi waliofukuzwa darasani.

Jumapili iliyofuata fundi alisimama mbele ya watu. Hakuwa msemaji. Alishika meza kwa mikono miwili, akasema yule mlevi alimchora kwa kinyongo, na yule aliyembeba mgonjwa si yeye, yeye alikimbia. Akataja dirisha na mlango wa nyuma. Mama Mwenyekiti alikohoa mara kadhaa ili amwokoe, akaona haokoki, akanyamaza. Baada yake Mchungaji naye akasimama, akasema lake. Besi hakuwepo.

Fundi cherehani alikuwa benchi la tatu. Ibada ilipokwisha alimngoja fundi mlangoni, mkono juu ya fimbo yake ya kutembelea.

"Nilikusikia," mzee akasema.

"Ahsante, mzee wangu. Nilipaswa kusema zamani."

"Sizungumzii leo. Siku ile. Kitasa chako cha nyuma kina kelele. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni kwako."

Fundi alihesabu sare. Mzee aliwashonea watoto wake sare miaka mitano baada ya siku ile, akapunguza mikono, akaongeza pindo walipokua, akaulizia maendeleo yao shuleni. Miaka mitano akijua. Fundi alitaka kupiga magoti pale pale, lakini mzee alimzuia kwa kumshika kiwiko.

"Usinifanyie hivyo mbele ya watu," alisema kwa upole. "Njoo nyumbani siku moja, tumzungumze. Hakuna anayemzungumza tena." Akashuka ngazi, moja moja.

Fundi alikwenda, na si siku moja. Lakini hayo ni yao.

Jumatatu alifunga tena jukwaa. Mama Mwenyekiti alilalamika kwamba ukuta ulishazinduliwa na picha zilishapigwa. Mchungaji akamwambia zitapigwa nyingine. Fundi alimfuta mlevi, akajenga matofali mahali pake, matofali ya kawaida tu ya mnara. Kisha akaufuta uso wake. Hakujua aweke uso gani. Alimchora mbebaji ameinamisha kichwa kwa uzito, anaonekana utosi na mgongo, basi. Chini ya miguu yake akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza: mfereji, unaopita katikati ya mtaa wa Aleksandria.

Jumatano mchana mlango ukafunguliwa. Besi aliingia na mabuti yake ya kazi, akasimama mbali na ukuta. Fundi aliendelea kupaka, maana aliogopa akigeuka kaka yake ataondoka. Besi alipita mbele ya Babeli, akayaona matofali, akaendelea. Akafika Aleksandria. Akainama kuutazama mfereji.

"Nani kakufundisha kuchora mfereji?"

Fundi akageuka. "Hakuna."

"Inaonekana. Maji yako yanapanda mlima."

"Wapi?"

"Hapo. Huo upande uko juu kuliko huu. Mji huo ungeoza kwa wiki moja, tauni isingehitaji hata kuletwa." Alisogea, akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Uanzie pale kwenye kona, uuteremshe. Na uweke watu ndani yake. Mfereji haujizibui."

"Utanionyesha koleo linavyoshikwa?"

Besi alifikiri. Kisha akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akapinda mgongo, akashika mpini chini kabisa kwa mkono wa kushoto, akatulia hivyo huku fundi akichora haraka kwa mkaa. Haikuchukua dakika tano.

"Usinipe uso," Besi alisema akirudisha ufagio.

"Sikupi."

"Haya."

Alipofika mlangoni fundi akaita, "Kaka, Jumapili utakuja?"

"Nina zamu Jumapili hii."

"Ile nyingine?"

Besi alitazama mabuti yake, akaona ameacha nyayo za matope ukumbini kote. "Tutaona," alisema. "Msalimie mwanangu, mwambie hakukosea." Akatoka.

Fundi alishuka akachukua ndoo na kitambaa kudeki sakafu. Uso wake ulikuwa unawaka kwa aibu, kama ulivyowaka kila siku tangu Jumapili ile, na alijua utaendelea kuwaka kwa muda. Alifuta nyayo moja baada ya nyingine mpaka kizingitini, akakamua kitambaa nje. Kisha akapanda tena jukwaani, akauchimba mfereji upya kwa brashi, kuanzia konani, akiuteremsha.